Tulivyolipandisha Trekta Kutoka Ivuna

Tangu turudi, kila ninayekutana naye kisimani, kanisani au kwenye mashine ya kukoboa ananiuliza swali lilelile: ilikuwaje huko? Nimekuwa nikijibu vipande vipande, na sasa nasikia vipande hivyo vimeunganishwa vibaya. Wapo wanaosema tulikamatwa Zambia. Wapo wanaosema nililiendesha trekta mwenyewe mlimani huku shemeji yangu akilia. Hakuna aliyekamatwa, na aliyelia si yeye. Kwa hiyo nimekaa chini niiandike safari yote kwa mpangilio wake, ili atakayeuliza tena nimpe asome. Habari za kuuziana na makaratasi yake nitaziruka, maana hazina utamu.

Kwa mlio mbali, hali yetu ilikuwa hivi. Mume wangu Gidioni alivunjika mguu wa kulia mwanzoni mwa kiangazi, alipoanguka kutoka juu ya lori la mnunuzi wa kahawa. Kabla mfupa haujaunga, maksai wetu wawili, Tumaini na Bwana Shamba, wakafa kwa ndigana, ugonjwa wa kupe, mmoja akimfuata mwenzake. Nikabaki na shamba la kilima kizima na jembe la mkono. Gidioni, kitandani, ndiye aliyelikumbuka trekta aliloliona Ivuna, bondeni Rukwa, siku za nyuma, lililokuwa la marehemu Mzee Siwale, mbeba chumvi. Lilikuwa limekufa miaka mingi, na kwa sababu hiyo tu ndiyo tuliweza kulinunua. Mjane wa Siwale alituma neno kupitia watu wa malori: lichukueni kabla ya mvua, maana mvua ikishanyesha halitoki tena bondeni, na mimi nahamia Saza kwa binti yangu. Msipokuja, wapo wanunuzi wa chuma chakavu watalikata.

Mama mkwe alisema tumenunua kaburi la mtu mwingine. Mdogo wa mume wangu, Yohana, ambaye amekuwa fundi wa malori kwa muda mrefu, alisema tu, "Shemeji, funga mizigo."

Hasamba hadi Tunduma

Mizigo yenyewe ilikuwa boksi la spana la Yohana, dumu la oili, nguo zetu na gunia la maharage. Fedha taslimu hatukuwa nazo za kutosha, lakini maharage ya kwetu Hasamba yanapendwa ng'ambo ya mpaka, na Yohana aliamini yatatupatia nozeli tatu za kupulizia dizeli na gasketi za injini. Bila hivyo, alisema, hakuna haja ya kwenda Ivuna.

Mpaka Vwawa tulipata gari la mbao bila shida. Kutoka hapo tukapanda pikapu iliyokuwa ikipeleka nyanya Tunduma, na safari ingekuwa ya asubuhi tu kama si foleni ya malori. Yalikuwa yamejipanga barabarani tangu mbali kabisa na mji, na dereva wetu akashindwa kupenya. Akazima gari, akasema tusubiri.

Tulisubiri mpaka jua likawa utosini. Chini ya tela moja madereva walikuwa wanapika, na mmoja wao, mtu mnene mwenye kofia ya sufu, akatuita tule. Ulikuwa ugali wa mahindi meupe, dagaa wakavu na majani ya maboga yaliyoungwa kwa karanga. Alitukaribisha vizuri, akanipa kiti chake cha kukunja, kisha akamwambia Yohana, "Una mke mvumilivu. Wangu asingekaa juani hivi."

"Huyu ni mke wa kaka yangu," Yohana akasema.

"Basi kaka yako ana mke mvumilivu."

Nawaambia hilo mapema kwa sababu safari nzima ilikuwa hivyo. Kila tulipofika tuliozeshwa upya.

Mwisho tulikodi baiskeli, tukafunga gunia juu yake, tukaingia Tunduma kwa miguu katikati ya malori, Yohana akisukuma na mimi nikilishikilia gunia kwa nyuma lisiponyoke.

Ng'ambo, Nakonde

Kuvuka kwenyewe ni hatua chache, lakini ukishavuka hata sauti ya sokoni inabadilika. Yohana alienda kuulizia mahali pa kuweka maharage, nami nikabaki mbele ya banda la vyuma chakavu. Mwenye banda alikuwa Bwana Mulenga, mtu wa Kasama, mrefu, amevaa ovaroli iliyopauka. Nikaona nisipoteze muda. Nikamwonyesha nozeli mbovu ambayo Yohana alikuwa amekopeshwa kama mfano, nikauliza kama anazo za namna hiyo.

"Awe, bamayo," akasema.

Nikasubiri amalizie. Awe nani? Awe vipi? Akaniangalia tu kwa upole.

"Awe nani, baba?" nikauliza.

"Awe," akarudia, sasa akitikisa kichwa kidogo.

Nikafikiri nimeelewa: huyu mtu hataki kuongea habari za vyuma na mwanamke, anataka msemaji awe mwanamume. Nikakasirika, lakini shida ilikuwa yangu. Nikaenda kumtafuta Yohana, nikamwambia kwa uchungu kwamba mwenye duka amekataa kusema na mimi. Yohana akaja ameshakunja uso, akamwuliza yule bwana kwa Kibemba chake cha barabarani kuna tatizo gani. Wakasemezana kidogo. Kisha wote wawili wakanigeukia, na nikaona mashavu ya Yohana yanatetemeka.

"Shemeji, awe kwao ni hapana, na bamayo ni mama. Amekwambia hana. Amekwambia mara mbili."

Bwana Mulenga alicheka mpaka akakaa juu ya rimu. Nami nikacheka, ningefanya nini. Na nadhani kicheko kile ndicho kilichotufungulia njia, kwa sababu alipojifuta machozi alituambia kwa Kiswahili cha kuokoteza kwamba dukani hana kweli, lakini nyuma ya nyumba ya kaka yake kuna trekta lililokufa gia, injini yake haijaguswa. Tukitaka tukafungue wenyewe.

Tulifungua siku nzima. Nozeli mbili zilitoka kwa heshima, ya tatu ilikuwa imeshikana na kutu kama imechomelewa. Yohana aliigonga taratibu, akaimwagia oili, akaiacha, akairudia. Mke wa kaka yake Mulenga alituletea uji wa mtama na viazi vya kuchemsha, akakaa na mimi kwenye mkeka, yeye akisema Kibemba, mimi Kiswahili, na mara mojamoja Kinyiha pale nilipochoka. Tulielewana zaidi ya nilivyotarajia. Aliona maharage akayachota mkononi, akayaangalia juani, akasema neno ambalo halikuhitaji mkalimani.

Jua likiwa linaelekea kushuka, ile ya tatu ikaachia. Gunia likabaki kwao pamoja na pongezi, sisi tukaondoka na nozeli na gasketi za karatasi ngumu ambazo Mulenga alizikata mwenyewe kwa mkasi, akifuatisha za zamani. "Natotela sana, mukwai," nikamwambia, neno la asante nililofundishwa mkekani. Akanijibu, "Awe, awe," akacheka tena.

Kushuka bondeni

Lori la kwenda Ivuna lilikuwa linafuata chumvi na mpunga, na dereva wake, Sichalwe, hakuwa mtu wa haraka. Aliahidi kuondoka alfajiri. Tuliondoka Tunduma adhuhuri, tukasimama Mlowo mpaka kesho yake kwa sababu kuna mtu alikuwa anangojewa na magunia matupu, na mtu huyo alipofika ikaonekana magunia ameyasahau.

Mimi nilikuwa nimekaa juu ya tairi la akiba nikiangalia mbingu. Upande wa ziwa kulikuwa na mawingu mepesi, ya kijivu, yaliyotawanyika. Nikamwuliza Sichalwe kama hiyo ni mvua.

"Bado," akasema. "Hayo yanatazama tu. Yakianza kusimama wima, hapo nitakwambia."

Kutoka Mlowo barabara inakwenda tambarare kidogo, kisha ardhi inakatika, unaona bonde lote la Rukwa limelala chini, jeupe kwa ukame, na ziwa kwa mbali kama bati. Sisi watu wa juu tumezoea ubaridi. Kadiri lori lilivyoshuka, joto lilipanda mpaka nikavua sweta, kisha kitambaa cha kichwani. Mteremko ni wa mawe na makorongo, na kila kona Sichalwe alipunguza gia huku akiimba wimbo wa kanisani. Mimi nilikuwa naangalia njia kwa macho mengine. Kila kona tuliyoshuka, nilikuwa najiuliza jinsi tutakavyoipanda.

Yohana naye aliona. Kila alipoona mahali pana mti au jiwe kubwa pembeni, alikuwa ananyoosha kidole kidogo, kama anaweka alama kichwani mwake.

Ivuna

Mama Siwale alitupokea kwa maji ya kunywa na samaki wa kukaanga wa Rukwa, na wali wa mpunga mpya unaonukia nyumba nzima. Ni mama mfupi, mwenye sauti ya kukwaruza, anayeongea kama anatoa amri hata anapokubembeleza. Jioni alitutandikia mkeka mmoja mpana chumba cha uani, akatia shuka jipya, akatutakia usiku mwema.

"Mama," nikasema, "huyu ni shemeji yangu."

Akatutazama, akatazama mkeka. "Mume wako yuko wapi?"

"Amevunjika mguu."

"Kwa hiyo amekutuma na mdogo wake mpaka huku?"

"Ndiyo, mama."

Akafikiri. "Basi anawaamini," akasema, akachukua mto mmoja akampa Yohana, akamwonyesha ukumbi wa nje.

Asubuhi tukalitazama trekta. Nasema kweli, nilikata tamaa. Lilikuwa jekundu zamani. Sasa lilikuwa rangi ya udongo. Kuku walikuwa wanataga chini ya kiti. Chumvi iliyobebwa miaka yote ilikuwa imelila tangi la dizeli mpaka ukigusa kwa kidole linameguka. Na juu ya madigadi, kwenye boneti na kwenye fremu, kulikuwa na mistari ya chaki nyeupe.

"Hii nini?" nikauliza.

"Wale wa chuma chakavu," Mama Siwale akasema. "Wamechora pa kukatia. Walisema watapita tena wiki hii."

Yohana alizunguka trekta lote mara kadhaa, akapiga magoti, akalala chini yake, akatoka na vumbi kwenye nyusi. Matairi yalikuwa yanakubali upepo. Gia zilikuwa zinaingia. Rejeta ilikuwa nzima kwa macho. Stata ilikuwa imekufa kabisa, lakini hiyo haikumshtua, alisema litawashwa kwa kuvutwa. Tatizo lilikuwa injini. Pistoni zilikuwa zimeng'ang'ania ndani ya silinda, na injini haikuzunguka hata kidogo.

Alifungua nozeli za zamani, akamimina dizeli iliyochanganywa na oili kwenye matundu, akasema sasa tungoje inywe. Tulingoja. Nilisafisha vyuma kwa mafuta ya taa, nikaokota mayai ya kuku, nikamsaidia Mama Siwale kufunga vyombo vyake vya kuhamia Saza. Kila asubuhi Yohana aliongeza mchanganyiko, akajaribu kuzungusha kwa bomba refu alilotia kwenye bolti ya mbele, na kila asubuhi bomba lilipinda na injini ikakaa vilevile. Tangi tulilibadilisha kwa dumu la plastiki, tukalifunga kwa kamba juu ya injini ili dizeli ishuke yenyewe. Lilikuwa linayumba vibaya, lakini hatukuwa na kingine.

Siku hizo hizo mawingu upande wa ziwa yakaanza kusimama wima. Sikuhitaji Sichalwe aniambie.

Mama Siwale ndiye aliyemtaja Masanja. Ni Msukuma, kaya yake iliteremka na ng'ombe miaka ya karibuni na kujenga ng'ambo ya mbuga. Ana maksai wa kulimia, jozi tatu, wakubwa, wenye pembe za kutisha. Alikuja na fimbo yake begani, akalizunguka trekta kama alivyolizunguka Yohana.

"Mnataka livutwe mpaka wapi?" akauliza.

"Halivutwi kwenda mahali," Yohana akasema. "Tunalitia gia, ng'ombe wanalivuta, magurudumu yanalazimisha injini izunguke. Ikikubali, inaachia."

"Na ikiwaka?"

"Inawaka."

"Na ng'ombe wangu wakiwa mbele yake, limewaka, wamekimbia wamevunjika miguu?"

Masanja akatikisa kichwa, akaanza kuondoka. Nikamfuata. Sikuwa nimepanga la kusema. Nikamwambia tu kuhusu Tumaini na Bwana Shamba. Nikamwambia Bwana Shamba alikuwa mvivu asubuhi, ukitaka afanye kazi lazima kwanza umkune shingoni, na siku alipokufa alikuwa amelaza kichwa mlangoni mwetu kama anataka kuingia ndani. Nikamwambia mwenzake aliacha kula siku hiyohiyo. Hapo ndipo nililia, na aliyelia mliyesikia habari zake ni mimi.

Masanja alisimama akitazama mbuga. Halafu akauliza, "Yule mvivu, alikuwa wa rangi gani?"

"Mweusi, na doa jeupe tumboni."

"Hao huwa wavivu," akasema. "Kesho asubuhi nitaleta jozi mbili. Mnyororo uwe mrefu. Na kamba ya mbele utashika wewe, mama. Si mwingine. Wewe unajua uchungu wake."

Kesho yake nusu ya kijiji ilikuja. Mnyororo ulifungwa, Yohana akapanda kwenye kiti akatia gia ya chini, mimi nikashika kamba ya ng'ombe wa mbele, Masanja akatembea ubavuni akiwasemesha kwa Kisukuma. Walivuta. Trekta lilikwenda, lakini magurudumu ya nyuma hayakuzunguka. Yaliburuzwa tu, yakichora mifereji miwili kwenye vumbi. Watu wakaguna. Yohana akatia gia ya juu kabisa. Wakavuta tena. Nikasikia nyuma yangu mlio mmoja mkavu, kama mfupa unaovunjwa, na kamba ikalegea mkononi kwa sababu mzigo ulikuwa umekuwa mwepesi ghafla. Nikageuka. Magurudumu yalikuwa yanazunguka.

Tulikwenda na kurudi mbugani mpaka ng'ombe wakatoka jasho. Yohana akasimamisha, akafunga nozeli za Nakonde, akatoa upepo kwenye mabomba ya dizeli, akatuambia tuvute mara moja tena. Lilikohoa moshi mweupe, likakohoa mweusi, likawaka kwa kishindo. Ng'ombe waliruka. Yohana alikanyaga klachi, Masanja akachomoa pini ya mnyororo, na mimi nikaburuzwa kidogo na kamba kabla sijapata akili ya kuiachia. Tuliwakuta mbele kwenye majani mabichi ya kisimani, wanakula kama hakuna kilichotokea. Masanja aliwapapasa miguu mmoja mmoja, yote kumi na sita. Alipomaliza wa mwisho akanitazama, akacheka bila sauti.

Trekta lilikuwa bado linaunguruma pale wanunuzi wa chuma walipofika na mitungi yao ya gesi kwenye pikapu. Walishuka, wakasimama. Mkubwa wao akaondoa miwani.

"Tumekuja kuchukua maiti," akasema, "tumekuta mtu anakula."

Nilijiandaa kwa ugomvi, lakini ugomvi haukuwapo. Yohana aliwaambia kuna tangi bovu, rimu mbili na vyuma vingine hatuna kazi navyo, wavichukue, ila na sisi watusaidie kitu. Wakawasha mitungi, na moto ule uliokuja kulikata trekta ukatuchomelea kiti cha chuma cha kukalia dumu la dizeli. Mistari ya chaki niliifuta mimi mwenyewe kwa kanga iliyolowa.

Kupanda

Tuliondoka mapema, ng'ombe wa Masanja wakilivuta tena mpaka likawaka, na mfuko wa chumvi wa Mama Siwale umefungwa nyuma ya kiti. Yohana alikuwa anaendesha, mimi nimekaa kwenye madigadi juu ya gunia lililokunjwa. Mwendo ulikuwa wa polepole kiasi kwamba watu wa miguu walitusindikiza wakipiga soga. Tuliuvuka mto wa mchanga ukiwa bado mkavu. Nilipogeuka baadaye, ziwa halikuonekana. Kulikuwa na pazia la kijivu, na harufu ya udongo ulioloa ilitufuata.

Chini ya mlima Yohana alikata gogo la mti mgumu, akalichonga upande mmoja.

"Shemeji, kazi yako ni hii. Breki siziamini. Tembea nyuma ya gurudumu. Nikipiga kelele, liweke."

Kwa hiyo mlima wote niliupanda kwa miguu, gogo kifuani, moshi usoni. Katikati ya mteremko rejeta ikaanza kuvuja. Tukaegemeza trekta kwenye jiwe lililokuwa moja ya alama za Yohana, injini ikiwaka, maana tukizima hatuna wa kutuvuta. Yohana akasema tunahitaji mayai. Yakiingia kwenye maji ya moto yanaganda yanaziba tundu. Kulikuwa na nyumba juu kidogo. Nikaenda, nikamkuta mama mmoja wa Kinamwanga anapepeta ulezi, nikamwomba mayai manne haraka, tuko safarini. Akaniambia nikae nipumzike. Nikakaa. Akaingia jikoni, akachelewa, akatoka na mayai yamefungwa kwenye jani la mgomba. Yalikuwa ya moto.

"Nimeyachemsha," akasema, "mle njiani. Na chumvi nimetia."

Nilishindwa kumwambia moja kwa moja. Nilimshukuru kwanza, ndipo nikamweleza kwamba anayekula si sisi, ni trekta. Alinitazama muda mrefu, akaangalia chini barabarani kule moshi ulikotoka, akaingia tena ndani na kuleta mabichi. Alitufuata mpaka kwenye jiwe kuhakikisha kwamba simdanganyi. Alipoona Yohana anayapasua na kuyamwaga kwenye rejeta, alisema, "Kweli wanaume watakula kila kitu," na sijui alikuwa anamaanisha Yohana au trekta. Tundu liliziba. Yale ya kuchemsha tuliyala.

Kona ya mwisho ndiyo iliyo kali. Tulikuwa karibu kuimaliza, naona kabisa anga wazi juu, gia ikaruka. Nilisikia injini inapiga kelele bila mzigo, nikaona gurudumu lile kubwa limesimama, halafu linaanza kuja kwangu. Yohana alipiga kelele. Sikumbuki kuinama. Nakumbuka gogo likiliwa na tairi, likisaga mawe, likirudi nyuma nami nikirudi nalo, kisha likashika. Nyuma yangu hapakuwa na barabara tena, ni vichwa vya miti tu.

Yohana alibaki juu ameshika usukani kwa mikono miwili. Akatia gia tena, taratibu, akaishikilia kwa mkono mpaka juu, akasimamisha mahali tambarare, akashuka, akakaa pembeni ya barabara. Nikakaa karibu naye.

"Shemeji," akasema, "mimi pale nilikuwa nimeshaaga."

"Mimi sikupata nafasi," nikasema.

Upepo wa baridi wa kwetu ukatupiga, nikavaa sweta. Sijawahi kufurahia baridi kiasi kile.

Nyumbani

Tulilala Mlowo, asubuhi tukaliwasha tena kwa kulivuta na lori, na tukaingia Hasamba mchana mvua ikiwa imetutangulia kwa manyunyu ya kwanza. Sauti ilifika kabla yetu. Watu walitoka mashambani wakiwa na majembe mikononi. Gidioni alikuwa amesimama barabarani kwa magongo, mbali kabisa na nyumba, na sijui alifikaje pale. Hakulitazama trekta kwanza. Alinitazama mimi, nilivyo na masizi, akanifuta paji la uso kwa kidole gumba.

"Mbona hamlizimi?" akauliza.

"Likizimwa haliwaki," Yohana akasema.

"Basi twende shambani hivyohivyo."

Mama mkwe alikuwa nyuma yake. Alilitazama trekta likitikisika, akaniambia, "Nenda kaoge, maji yapo motoni." Hayo yalitosha.

Jembe la kukokota la jirani lilifungwa, na Gidioni akapandishwa kwenye madigadi kuelekeza mistari. Mimi nilioga, nikanywa uji, nikajilaza mchana kweupe, jambo ambalo sijalifanya tangu nijifungue mtoto wa mwisho. Nilisikia injini ikienda mpaka kwenye mihogo, inageuka, inarudi. Inakwenda, inageuka, inarudi. Nikalala na sauti hiyo.

Kilichonishtua usingizini ni kimya. Nilitoka mbio bila viatu, kichwa wazi, nikavuka mihogo, nimeshaona kichwani safari yote ikianza upya, ng'ombe, mnyororo, na Masanja akiwa mbali huko bondeni. Kilima kilikuwa kimelimwa karibu chote, udongo umegeuzwa, mweusi, unatoa mvuke. Gidioni na Yohana walikuwa wamekaa kwenye nyasi, sahani ya ugali na maharage katikati yao. Trekta lilikuwa limetulia juu kabisa ya kilima, pua imeelekea chini, na jiwe mbele ya gurudumu.

Yohana alimeza tonge, akanionyesha kwa mkono.

"Limeegeshwa mteremkoni, shemeji. Tukitaka liwake tunatoa jiwe tu. Rudi kalale."

Nilikaa nao kidogo, nikala maharage, kisha nikarudi nikalala.